Kahawa ya Waarabu au ya Wahabeshi?

Ubishi ulizuka kwenye kijiwe cha kahawa Mikindani, baada ya isha. Mzee mmoja alishasema lake: kahawa ni ya Waarabu, jina lenyewe ushahidi. Kijana wa pembeni, kashata mkononi, akamjibu: "Babu, jina hutoa muuzaji. Mti umeota kwa Wahabeshi."

Kwa mti, kijana kashinda. Arabika, aina hiyohiyo ya kahawa inayolimwa Mbinga, mkoa wa jirani wa Ruvuma, asili yake ni misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia. Angeishia hapo ingetosha, ila akaleta na ile hadithi ya mchungaji Kaldi na mbuzi wake waliocheza ngoma baada ya kula buni. Hiyo siichukui. Kisa cha mchungaji kilichapishwa kwanza Roma mwaka 1671, na wakati huo Arabuni kahawa ilikuwa imenywewa kwa karne mbili.

Kinywaji ndicho chenye utata. Ushahidi wa mapema wa kuaminika unatoka Yemen, karne ya 15, kwa masufi waliokesha katika dhikri. Waliokulia karibu na watu wa Kadiria, tarika ya masufi, kule Lindi hawatashangaa. Kabla ya hapo kimya: msafiri Ibn Battuta, mwaka 1331, akiwa njiani kuja Kilwa, alikaribishwa Mogadishu kwa tambuu, akaliandika hilo. Kahawa haitaji popote.

Hapo nilikuwa tayari kumpa mzee ushindi. Kinachonizuia ni maandishi ya Waarabu wenyewe. Mwandishi wao al-Jaziri, katika karne ya 16, anasimulia habari za al-Dhabhani, mwanachuoni wa Aden aliyefariki karibu mwaka 1470: alivuka bahari kuja upande wa Afrika, akakuta watu wanaitumia kahawa, naye aliporudi kwao akaugua, akaikumbuka, akainywa. Masimulizi mengine yanamtaja sheikh mwingine, lakini hili lina uzito wake, kwa sababu msimuliaji hakuwa na haja ya kuwapendelea Wahabeshi.

Tena kukosa kitabu si kukosa kahawa. Wahaya wa Kagera wametafuna buni za kuchemsha, za robusta, aina nyingine ya kahawa, ya kwao, tangu kabla Mzungu hajafika, na hawakumwandikia mtu.

Mimi basi naigawa hivi: mti, na yaelekea matumizi ya kwanza, ni vya Afrika, kuifanya kinywaji cha kukesha na kukutanisha watu ni kazi ya Yemen. Hata Makka, mwaka 1511, gavana aliipiga marufuku, na mikusanyiko ya wanywaji ilimtia wasiwasi kuliko kikombe chenyewe.

Na lile jina la mzee? Qahwa zamani Waarabu waliita mvinyo. Kahawa ililirithi tu. Sisi tuna neno la pili, buni, tulilolipata kwa Waarabu hao hao wanaosema bunn. Wahabeshi wanasema buna.