Rubani akisema anaumwa, tusimnyang'anye mkate

Tangu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha, habari yoyote ya rubani inasikilizwa kwa makini huku kanda ya ziwa. Ajali ile siihusishi na mada hii. Ila katika mazungumzo ya hapa Mwanza nimekuwa nikisikia hoja moja ikishika kasi: rubani akigundulika ana sonona, leseni ichukuliwe na asiguse ndege tena.

Wanaosema hivyo wana sababu. Novemba 2013, nahodha wa ndege ya shirika la LAM iliyotoka Maputo kwenda Luanda alibaki peke yake kwenye chumba cha marubani, akaidondosha ndege Namibia, wakafa 33. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings alifanya vivyo hivyo kwenye milima ya Alps, wakafa 150. Abiria hana namna ya kumkagua anayemrusha.

Lakini hebu tuitazame hiyo Germanwings kwa karibu. Yule kijana alikuwa ameshaonana na madaktari, na ED, yaani karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi, alikuwa ameshapewa. Nyumbani kwake zilikutwa karatasi hizo zimechanwa, mojawapo ikiihusu siku ileile ya ajali. Daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo. Wachunguzi wa Ufaransa waliandika kwamba huenda alinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi ya urubani, na hakuwa na bima ya kutosha ya kumlinda kipato chake endapo angezuiwa kuruka. Ukali wa kanuni ulikuwepo tayari, na ndio uliomfundisha kuficha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwahoji marubani zaidi ya 3,700 wa Marekani. Asilimia 56 walikiri kwamba wamewahi kukwepa huduma ya afya kwa hofu ya kupoteza cheti cha afya kinachowaruhusu kuruka. Wapo walioomba ushauri pembeni ili usiandikwe popote, wapo walioficha dawa wanazotumia. Najua waliojibu walijitolea wenyewe, na Marekani si Tanzania. Ikate nusu ukipenda: bado ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanne. Kila nikiirudia takwimu hii naona kwamba cheti tunachokitegemea kinapima pia uhodari wa mtu kunyamaza.

Na anayeikwepa hospitali huishia duka la dawa. Piriton inauzwa bila cheti cha daktari, nayo inaleta usingizi. Mefloquine, dawa ya malaria, marubani hawaruhusiwi kuitumia kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili. Daktari wa anga anayajua hayo. Muuza dawa wa Kirumba atajuaje kwamba mteja wake ana safari ya alfajiri, saa ambazo mwili wa binadamu umechoka kuliko zote na radi za ziwani mara nyingi bado hazijatulia?

Hapo sijagusa aibu. Mtu akionekana kliniki ya afya ya akili pale Bugando, mtaa mzima unajua kabla hajafika nyumbani. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu nayo bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Katika mazingira hayo tunamtaka rubani ajitokeze mwenyewe, halafu tumpokonye na kazi?

Wenzetu wamelegeza bila kuacha ulinzi. Marekani tangu 2010 inaruhusu baadhi ya dawa za sonona kwa uangalizi maalumu. Ulaya tangu 2021 inayataka mashirika yawe na mpango wa marubani kusaidiana, ambapo mtu anazungumza kwa siri na mwenzake aliyefunzwa. Wapinzani wanasema marubani watalindana. Inawezekana, ndiyo maana siri hiyo ina mpaka: panapoonekana hatari ya kweli, taarifa inapelekwa mbele.

Hoja inayonisumbua ni ya fedha. Kampuni yenye marubani wachache, inayorusha vindege kwenda viwanja vidogo, itamlipaje anayetibiwa miezi sita bila kuruka? Peke yake haiwezi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga na mashirika waanzishe mfuko wa pamoja, na kiasi kidogo kikatwe kwenye tiketi. Mimi abiria wa Mwanza nitakilipa.