Ruta ya Pili Isigawe Anwani

Nyumba nyingi zenye faiba sasa zina ruta mbili: ya mtoa huduma sebuleni, na nyingine iliyonunuliwa dukani kwa sababu wifi haifiki vyumba vya nyuma. Kununua si kosa. Kuta za matofali ya saruji hudhoofisha mawimbi, ya 5 GHz zaidi kuliko ya 2.4. Kosa ni kuichomeka hiyo ya pili kama ilivyotoka kwenye boksi. Intaneti ikianza kusumbua, lawama zote anabebeshwa mtoa huduma, na mwenye haraka anabonyeza kile kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Tafadhali usikiguse kwenye ruta ya faiba: kinaweza kufuta hata mipangilio ya laini yenyewe.

Msimamo wangu ni huu: nyumba moja, mgawaji mmoja wa anwani za IP, zile namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao.

Chukua ruta ya kwanza yenye 192.168.1.1 na ya pili yenye 192.168.0.1, waya umetoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la moja ukaingia LAN la nyingine. Zote mbili DHCP, huduma ya kugawa anwani, imewashwa. Simu ikiomba anwani, kwa kawaida inapokea ya yule aliyewahi kujibu. Ikiwahi ya kwanza, mambo yanakwenda. Ikiwahi ya pili, simu inapewa 192.168.0.105 na kuelekezwa kwenye lango (mlango wa kutokea kwenda intaneti) 192.168.0.1, ruta ambayo tundu lake la WAN, la kuingizia intaneti, liko tupu. Wifi imejaa, intaneti hakuna, na simu nyingine kwenye kochi hilohilo inacheza video bila shida. Ndiyo maana watu husema tatizo linakuja na kuondoka.

Waya ukiingia WAN, ugomvi unabadilika sura. Ruta zote zikitumia 192.168.1.x, ya pili haijui 192.168.1.1 iko ndani au nje. Baadhi hujihamisha zenyewe, nyingine hukwama. Zikitofautiana, intaneti inapita, lakini kwa NAT mbili, yaani anwani zinabadilishwa mara mbili njiani, kwenye kila ruta. Laptopu ya chumbani itaifikia printa ya sebuleni ukiandika IP yake, ila wa sebuleni hamfikii wa chumbani, kwa kuwa ruta ya kwanza haijui njia ya kwenda huko na ya pili inazuia kila anayebisha kutoka nje. Kuna wanaotibu hili kwa kuandika njia za kudumu kwenye ruta. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, huko ni kujitafutia kazi.

Kabla ya kugusa waya wowote, fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kwenye Windows uandike ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, hakuna DHCP iliyojibu. Lango likiwa la ruta usiyoitarajia, umeshampata mkorofi. Kisha ping lango (amri ya kujaribu kama upande wa pili unajibu), halafu ping 8.8.8.8, anwani ya Google, mwisho ping jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likagoma, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza jina kuwa namba, wala si laini.

Tiba: ichomoe ruta ya pili kutoka kwa ya kwanza, unganisha laptopu kwa waya kwenye LAN yake, na ubadilishe IP yake ya LAN iwe 192.168.1.2. Ingia upya kwa anwani hiyo kwenye kivinjari, ndipo uzime DHCP. Ukianza kwa kuzima DHCP, laptopu inaweza kukosa anwani ukafungiwa nje. Hapo jiwekee kwa mkono 192.168.0.50, maski 255.255.255.0. Hakikisha ruta ya kwanza haigawi hiyo .2, ianze kugawa kwenye .100. Sasa waya utoke LAN uingie LAN, WAN ya pili ibaki tupu. Jina la wifi na nywila viwe vilevile kote, ila chaneli za 2.4 GHz zitofautiane: moja 1, nyingine 6 au 11.

Ruta yako ikiwa na hali ya Access Point, ya kurusha wifi tu bila kugawa anwani, itumie hiyo. Hufanya karibu yote haya yenyewe, na mara nyingi waya unabaki kwenye WAN.

Ukimaliza, bandika kipande cha plasta chini ya ruta ya pili uandike 192.168.1.2. Orodha ya DHCP ya ruta ya kwanza haitaionyesha, na atakayekuja kuitengeneza mwaka ujao hatakuwa na pa kuisoma.