Chipsi za njiani au tumbo tupu?

Abiria wa basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam hukutana na swali hili karibu kila safari. Wameondoka alfajiri, wengi bila hata chai, na mbele yao kuna zaidi ya kilomita 800. Ikifika mchana dereva anasimama kwenye hoteli ya njiani, kondakta anatangaza dakika ishirini za kula na kuchimba dawa. Ndani kuna chipsi zilizokaangwa muda mrefu uliopita, kuku aliyekauka kwenye kabati la kioo, sambusa na soda. Bei ni ya kumuuzia mtu asiye na pa kwenda. Wapo wanaoshuka wakala, na wapo wanaobaki kwenye viti wakisema bora njaa kuliko mafuta yale meusi. Basi likiondoka, kila upande unamwona mwenzake mjinga.

Nadhani kila upande una ukweli, ila unautetea kwa watu usiowahusu. "Usiruke mlo" ni ushauri mzuri kwa mbeba magunia ya viazi wa Makambako, si lazima uwe mzuri kwa mtu aliyekaa kitini tangu Uyole. "Bora nikae na njaa" inamfaa karani wa ofisini Iringa mjini ambaye saa kumi atakuwa nyumbani kwake. Haimfai mjamzito, wala mtoto wa miaka mitatu aliyepakatwa.

Tuanze na hofu ya tumbo tupu, kwa sababu imetiwa chumvi. Mtu mzima mwenye afya akikosa mlo mmoja, mwili wake haukwami. Ini huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, kama gramu 100 hivi, na akiba hiyo ndiyo inayoulisha ubongo usiku kucha tukiwa tumelala. Ikipungua, mwili unazidi kutumia mafuta yake. Njaa nayo haipandi moja kwa moja hadi mtu aanguke. Huja kwa mawimbi, hasa saa zile ambazo tumbo limezoea kupewa kitu, kisha hutulia hata kama hukula. Wanaofunga Ramadhani au Kwaresima wanalijua hilo bila kufundishwa na daktari. Tofauti yao na abiria wetu ni kwamba wao wamejipanga: kuna daku, kuna futari, na mtu anajua atakula nini jua likizama.

Tishio linalotolewa upesi kwa anayekataa kula ni vidonda vya tumbo. "Utapata vidonda wewe, kula hata kidogo." Hapa naomba tuwe makini. Visababishi vikuu vya vidonda hivyo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni. Njaa peke yake haitoboi tumbo. Lakini mwenye kidonda tayari, hasa kile cha mwanzo wa utumbo mwembamba, husikia maumivu tumbo likiwa tupu na hupata nafuu akitia kitu, ndiyo maana watu wengi wanaamini njaa ndiyo iliyokileta. Ninayemhofia zaidi ni yule kibarua anayemeza diklofenaki kila asubuhi kwa ajili ya mgongo, bila kula, kisha anaingia kazini. Huyo dawa ndiyo inayomla tumbo, na kukosa chakula kunamwongezea taabu.

Wapo watu ambao kwao kuruka mlo si suala la kuchagua. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, akimeza dawa halafu asile, sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, na jirani yake kwenye kiti anaweza kudhani amelewa. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kujadili ubora wa chakula. Anahitaji kama gramu 15 za sukari inayoingia haraka, yaani chini ya nusu ya chupa ya soda, kisha chakula cha kawaida. Watoto wadogo pia akiba yao ya ini ni ndogo, hawawezi kungoja kama mtu mzima. Na wanaofanya kazi ya nguvu, wachuma chai wa Mufindi, wapasua mbao wa Mafinga, wanaopalilia mahindi kwenye mvua za Januari: kuwaambia hawa wasubiri chakula bora ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Sasa upande wa pili. Mtu anayesema ameruka mlo ili kukwepa chakula kibaya, mara nyingi hajakikwepa. Amekiahirisha. Tazama wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa wanaopiga pasi ndefu, yaani kuruka milo, bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) likichelewa. Asubuhi hakuna kitu, mchana hakuna kitu, na saa tatu usiku sehemu iliyo wazi karibu na geto ni kibanda cha chipsi. Hapo haagizi sahani ya kawaida, anaagiza zege kubwa, yaani chipsi mayai, na soda juu yake, anakula kwa kasi, analala. Chipsi aliyoikimbia mchana ndiyo aliyokutana nayo usiku, tena imeongezeka.

Wanaotetea kuruka mlo wana hoja ya kisayansi mkononi, na si ya kubeza. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya majaribio kuhusu kifungua kinywa, na hayakuonesha kwamba watu wazima wanaokiruka huongezeka uzito. Wanaokila ndio waliokuwa na kalori nyingi kidogo kwa siku. Ni kweli. Ila majaribio yale yalihusu watu wa nchi tajiri. Wengi wao waliweza kuamua watakula nini baadaye. Mwanafunzi wa pasi ndefu hana nafasi hiyo. Kwa hiyo kabla hujaruka mlo, swali la kujiuliza ni moja: mlo unaofuata ni upi, na nani atakuwa ameupika? Kama ni ugali, maharage na mboga nyumbani baada ya saa tatu, ruka kwa amani. Kama hujui, kula sasa.

Na hicho tunachokiita chakula kibaya, tumekitazama vizuri? Mimi ni mtu wa kuzitetea chipsi mayai, walau nusunusu. Ndani yake kuna viazi, pengine vya Njombe au vya Mbeya kwenyewe, na kuna mayai mawili yenye kama gramu 12 za protini. Ni chakula. Tatizo lake ni mafuta na chumvi. Mafuta yaliyochemshwa siku nyingi huharibika: yanakuwa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi kabla hata viazi havijaingia, na yanaacha ukakasi kooni. Chumvi nayo, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mkaanga chipsi hupakua kwa mkono. Utafiti wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Sahani moja haikufikishi huko. Sahani ya kila siku inakusogeza.

Lakini chipsi zinabeba lawama ya soda. Chupa ya soda ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Kiwango kilichopendekezwa na shirika hilohilo ni sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50. Umekunywa chupa moja, ukiongeza vikombe viwili vya chai ya sukari, umevuka. Na soda haishibishi. Abiria anayekataa chipsi kwa sababu za afya kisha ananunua soda na biskuti "za kudanganya tumbo" amechagua kibaya zaidi kati ya vile viwili.

Biskuti na vitu vya pakiti vina mtego wao. Mwaka 2019 huko Marekani, mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 kwenye wodi ya utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, na kila mmoja aliruhusiwa kula kadiri alivyotaka. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku. Lilikuwa jaribio dogo, lakini linaeleza kwa nini pakiti huisha kabla njaa haijaisha. Viazi vilivyomenywa asubuhi nyuma ya kibanda pale Mwanjelwa, kwa mafuta yoyote yale, si kitu hicho.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda afya hulisahau, nalo ni uchafu wenyewe. Chakula kilichotoka sasa hivi kwenye mafuta yanayochemka kimeua vijidudu karibu vyote. Tikiti lililokatwa na kufunikwa kwa nailoni tangu asubuhi, au kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ndoo usiyoijua, vinaweza kukuletea homa ya matumbo au kipindupindu ingawa kwenye karatasi ya lishe ndivyo vinavyosifiwa. Ukiwa safarini, cha moto kinashinda cha baridi. Nisingesita kuagiza chipsi zikaangwe upya mbele yangu na kuiacha kachumbari. Zile za kabatini ni habari nyingine: zimepoteza ulinzi wa moto na hazina hata ladha.

Nikiangalia mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini naona mjadala wa chipsi unafunika mwingine mkubwa. Kwa takwimu za utafiti wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022, asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe ni asilimia 50.4, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi, viazi, maharage na maziwa vyote vinatoka hapa na kupakiwa kwenye malori. Sababu za udumavu ni nyingi: maradhi ya mara kwa mara, maji, lishe ya mama, muda wa mama anayeshinda shambani. Mojawapo ni mtoto kulishwa mara chache na karibu kitu kilekile, uji mtupu au ugali na mboga kidogo. Hakuna anayeuita ugali chakula kibaya, na mtoto huyo hakuruka mlo kwa kuchagua. Bado amekosa. Ndiyo maana sipendi neno "chakula bora" litumike kama sifa ya kitu kimoja sahanini. Mandazi matatu na chai ya rangi hayamtishi mtu kama chipsi mayai, ila ndani yake kuna unga mweupe, mafuta na sukari, na chai yenyewe ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Wapo watakaosema mbona kuna njia ya tatu. Ipo, na Nyanda za Juu Kusini ina bahati kwa hilo kuliko sehemu nyingi. Parachichi la Rungwe, ndizi mbivu za Tukuyu zinazomenywa hapohapo bila kuoshwa, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga. Gramu 50 za karanga zina karibu kalori 290 na protini gramu 12, na hazihitaji friji wala dakika ishirini za kondakta. Kwa safari, huo ndio ushauri wangu wa kwanza: nunua kabla hujapanda. Lakini nisiupake rangi. Muuza mayai hayuko kila kituo, msimu wa parachichi una mwisho, na bodaboda wa Kabwe mwenye elfu mbili mfukoni anajua kwamba parachichi moja halitamfikisha jioni. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie itamfikisha, na ikiisha, chipsi zitamfikisha. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee, na hawakuwa wanamtukana.

Kundi ambalo siwezi kuliunga mkono kwa upande wowote ni madereva. Dereva wa lori la Tunduma asiyekula mchana kutwa anakuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kuamua, na barabara yenye mlima na kona za Kitonga haimvumilii mtu wa namna hiyo. Akifidia kwa sahani kubwa ya chipsi kuku na soda saa mbili usiku kisha akashika usukani, usingizi unamjia kutoka upande mwingine. Kwake ningeweka jibu la kati lisilopendeza upande wowote: ale hicho kilichopo, nusu yake, na maji badala ya soda, kisha ale tena baada ya saa mbili au tatu.