Tumbo linalovuja damu halina kabila

Kauli ya "huo ni ugonjwa wa wazungu" inaniudhi. Hapa Mwanza naisikia kila yanapotajwa maradhi ya Crohn na kolitisi ya vidonda, ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo hadi unachubuka na kutoa damu.

Wanaoisema hutegemea vinasaba. Ni kweli, mwaka 2001 iligunduliwa kwamba hitilafu kwenye kinasaba cha NOD2 humweka mtu karibu zaidi na Crohn. Hitilafu hizo ziko kwa Wazungu. Japani karibu hazipo kabisa, na kwa Waafrika ni nadra. Mbona Wajapani wanaugua Crohn? Kwao kinasaba chenye uzito ni kingine, TNFSF15. Maeneo ya vinasaba yanayohusishwa na maradhi haya yameshapita 200, mengi yakiwa yamepatikana kwenye damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Walipochunguzwa Wamarekani weusi, mwaka 2017, yakaonekana mengine mapya yenye asili ya Kiafrika. Msukuma, Mkerewe na Mjita lini watachunguzwa?

Najua, huku ziwani mtu akiharisha damu, wa kwanza kushukiwa ni kichocho, na ndivyo inavyopaswa. Ziwa tunaoga, tunafulia, tunavulia. Shida ni pale dawa inapogoma na bado anaandikiwa ileile.

Binamu yangu, muuza dagaa wa mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, alimeza dawa za kichocho, za amiba, akaja kuanzishiwa za TB ya utumbo. Meza yake aliihamishia karibu na choo, wateja wakidhani anafuata kivuli. Alipopimwa kwa kamera ya kuingizwa utumboni na kukatwa kipande kidogo cha nyama ya utumbo kikachunguzwe ndipo ikajulikana ni kolitisi, na kwa kuchelewa huko damu ilikuwa imemwishia mno.

Vinasaba vinagusa hata dozi. Azathioprini, moja ya dawa za maradhi haya, huwashusha vibaya chembe nyeupe za damu watu wenye hitilafu ya kinasaba cha NUDT15, iliyo ya kawaida Asia Mashariki. Wakorea waliligundua hilo kwa kuwapima wagonjwa wao wenyewe, wakachapisha mwaka 2014.

Nataka na sisi wa Kanda ya Ziwa tupimwe hivyo. Na aliyemaliza dawa ya kichocho akaendelea kuharisha damu, apewe rufaa ya kamera, asirudishiwe vidonge vilevile.