Magazini Ile Ile, Kosa Ng'ambo ya Mto

Ukitoka Phoenix, Arizona, ukashika barabara kuu namba 10 kuelekea magharibi, baada ya saa mbili na ushei unafika Ehrenberg, mji mdogo wa vituo vya mafuta na malori. Mbele yake kuna daraja la Mto Colorado, na ng'ambo ni Blythe, California. Daraja unalivuka kabla wimbo wa redioni haujafika kiitikio. Kama kwenye buti una magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki, ya kubeba risasi 30, upande wa Arizona hiyo ni bidhaa ya dukani, umelipa ukapewa risiti na kwaheri. Ukishavuka, umeingiza California kitu ambacho sheria ya jimbo imekipiga marufuku, maana kule mwisho ni risasi 10. Hakuna askari wa mpakani anayekuuliza umebeba nini cha aina hiyo. Utajua siku ya kusimamishwa.

Kuelewa ilikuwaje hadi hapo, anza na swali linaloonekana la kitoto: bunduki ni kipande kipi? Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 imelijibu. Mtutu, kitako na kifyatulio, kila kimoja peke yake, si bunduki. Bunduki ni resiva, ule mwili unaoshika vipande vingine vyote. Kwa bunduki ndefu ya AR-15 ni resiva ya chini, kipande cha aluminiamu kinachoenea kiganjani, tupu kabisa, hakiwezi kurusha hata kokoto, lakini kina namba ya usajili iliyochongwa ubavuni. Ukikinunua kwa muuzaji mwenye leseni unajaza fomu ya serikali kuu namba 4473 na rekodi zako zinakaguliwa kama vile umenunua silaha kamili. Vipande vilivyobaki, kwa sehemu kubwa, serikali kuu inaviacha vije kwa posta mpaka mlangoni kama jozi ya viatu.

Majimbo yenye sheria kali hayakuridhika na jibu hilo, kwa hiyo kila moja limefukuzia kipande chake. Colorado iliweka kikomo cha risasi 15 kwa magazini mwaka 2013. Illinois, Januari 2023, miezi sita baada ya watu saba kuuawa kwenye gwaride la Julai 4 huko Highland Park, iliweka 10 kwa bunduki ndefu na 15 kwa bastola. California imeshuka hadi kwenye mpini: bunduki ndefu inayojipakia yenyewe na yenye magazini ya kuchomoa, ukiifunga mpini wa kushika kama wa bastola, inaingia kwenye orodha ya silaha za kivita zilizokatazwa. Ndiyo maana wenye bunduki wa kule hufunga pezi la plastiki nyuma ya mpini, dole gumba lisiweze kuuzunguka. Pezi hilo ukilishika mkononi unaweza kucheka. Mwenye nalo hacheki, kwa sababu ndilo linalomtenganisha na jinai.

Wanaotetea haki ya majimbo kujitungia sheria wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyotaka kukiri. Mfugaji wa Montana ambaye polisi wa karibu yuko mwendo wa saa nzima haishi maisha ya mpangaji wa ghorofa Chicago, na sioni kwa nini sheria ya mmoja imlalie mwenzake. Udhaifu wa hoja hiyo nao uko Chicago hapo hapo: ripoti ya jiji ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya silaha zilizokamatwa na kufuatiliwa zilinunuliwa kwanza nje ya Illinois, na Indiana, iliyo jirani kabisa, ndiyo iliyoongoza kati ya majimbo hayo. Ukali wa jimbo moja unavuja kupitia ulegevu wa jirani yake.

Upande wa pili unasema haki ya kumiliki silaha iliyoandikwa kwenye Katiba haiwezi kuzaliwa Ehrenberg ikafia Blythe. Nasikia hoja yao, ila nawakumbusha kwamba Mahakama ya Juu yenyewe haijawahi kusema haki hiyo haina mipaka. Pale wanaponishika zaidi ni kwenye suala la kutotulia kwa sheria. Machi 29, 2019, jaji wa serikali kuu huko San Diego alitangua marufuku ya magazini kubwa ya California. Milango ikafunguka, watu wakaagiza kwa maboksi, na kufikia Aprili 5 jaji yule yule akasimamisha uamuzi wake rufaa ikisubiriwa. Magazini zilizonunuliwa katika siku hizo chache zikakaa majumbani mwa watu zikilindwa na tarehe ya risiti. Machi 2025 mahakama ya rufaa, jopo kubwa, ikasema marufuku ni halali.

Serikali kuu nayo haijatulia. Kile kitako cha kutikisika kinachoiwezesha bunduki ya kawaida kumimina risasi mfululizo kiliuzwa kwa miaka kwa ridhaa ya ATF, idara inayosimamia silaha. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya 2017 idara hiyo hiyo ikakipiga marufuku, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ikasema haikuwa na mamlaka hayo. Marufuku ya California juu ya kifaa hicho ikabaki palepale. Kizuia sauti ni vivyo hivyo. Kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka 1934 imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Usajili haukuondolewa, na mtu wa New York au New Jersey aliyeshangilia habari hiyo alishangilia bure, kwa sababu jimbo lake linakikataza kifaa chenyewe.

Niseme pia jambo linalonikera: pande zote mbili huhama kulingana na upepo. Wanaoimba uhuru wa majimbo ndio wanaotaka bunge la nchi nzima, Congress, lilazimishe New York kutambua vibali vya Texas vya kubeba bastola. Wanaosifu sheria za mitaa ndio wanaotamani marufuku ya nchi nzima ya silaha za kivita ya 1994 irudi. Mkuki kwa nguruwe.

Kwa Waswahili walioko kule mambo yana ncha zaidi. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Lakini sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akipatikana na hatia ya kununua au kumiliki silaha kinyume cha sheria yoyote, ikiwemo ya jimbo, anaweza kufukuzwa nchini, na resiva tupu inahesabiwa kuwa silaha. Raia kwa kosa lile lile atashtakiwa, lakini hatapandishwa ndege. Halafu usije ukadhani unaweza kumpelekea mjomba kipuri cha bastola kwenye sanduku: kuna leseni ya kukitoa Marekani, na Kenya sheria moja ya nchi nzima inahesabu kipuri kuwa silaha, uwe Lamu au Turkana.

Mimi niko na majimbo kwenye kuweka mipaka, na niko na mnunuzi kwenye haki ya kuijua mipaka hiyo kabla hajaivuka. Jimbo linaloweza kumfunga mtu kwa sababu ya mpini linaweza pia kumjibu kwa maandishi, kipuri kwa kipuri, na jibu hilo liwe kinga yake mahakamani. Leo mwongozo anaokutana nao mnunuzi wa kawaida ni ile orodha ya majimbo ambayo muuzaji wa mtandaoni anasema hapeleki mzigo. Orodha hiyo hutungwa kwa hofu ya kushtakiwa, na mara nyingi inakataza zaidi ya sheria yenyewe. Dukani Phoenix hata hiyo hakuna. Aliye nyuma ya kaunta halazimiki kukuuliza unaelekea wapi.