Kompyuta Nzima Kwenye Funguo Zangu

Pamoja na funguo zangu za nyumba huning'inia flashi ya GB 64. Ukiiona utadhani ni ya kubebea sinema, kumbe ndani yake nimesakinisha Linux Mint kamili, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, na kazi zangu zote zimo. Naichomeka kwenye kompyuta, nachagua iwakie hapo, na mashine ya mtu inakuwa yangu mpaka nitakapoizima.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, sauti ya kilio. "Mjomba, laptopu imegoma, na ripoti ya chuo ni Jumatatu." Ilikuwa Dell ya mtumba kutoka maduka ya barabara ya Luthuli, na fundi alishamwambia diski imekufa. Nilipofika nikachomeka flashi, nikawasha huku nikibonyezabonyeza F12, kitufe cha kuchagua kompyuta iwakie wapi. Baada ya muda nembo ya Mint ikatokea. Usiku ule aliandika ripoti yake kwenye mashine isiyo na diski inayofanya kazi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila mwanafunzi wa Nairobi anayeazima kompyuta angefundishwa jambo hili mapema. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11, ikiwemo ile chipu ya usalama ya TPM 2.0. Watu wanaambiwa wazitupe. Inaniuma, kwa sababu Mint huenda vizuri kwenye RAM ya GB 4, na haiuzwi. Imejengwa juu ya mfumo mwingine wa Linux uitwao Ubuntu, jina ambalo kwa lugha za Wanguni wa kusini mwa Afrika ni utu huu huu wetu.

Lakini usikurupuke. Wengi huishia kwenye Mint ile ya majaribio, ambayo kwa kawaida ukizima inasahau kila ulichofanya. Kusakinisha kamili ni kuifanya flashi iwe diski yenyewe, na hapo pana mtego: programu ya kuwashia inaweza kujiandika kwenye diski ya ndani ya mwenye mashine, naye kesho akashindwa kuwasha kompyuta yake flashi yako isipokuwepo. Mimi huichomoa kwanza diski ya ndani, ndipo nisakinishe. Halafu weka nywila ya kufunga flashi yote. Funguo hudondoka kwenye matatu kila siku.

Na flashi yenyewe iwe ya kweli. Niliwahi kununua moja barabarani, imeandikwa GB 128, ndani ni 8. Chipu yake ilikuwa imerekebishwa iidanganye kompyuta. Inapokea mafaili bila kulalamika, na nafasi halisi ikijaa, yanayofuata yanapotea. Nilipoteza picha za mazishi ya babu, na hilo halijaniisha moyoni. Siku hizi sisakinishi kitu kabla ya kuipima flashi kwa F3, programu ya bure inayoijaza yote kisha kusoma tena ilichoandika. Inachukua muda mrefu. Ivumilie. Tena chukua ya USB 3, uichomeke kwenye tundu la buluu kama lipo, maana ile ya zamani itakuchosha kwa kusubiri.

Mpwa wangu sasa ana ya kwake. Jana aliniandikia: "Mjomba, kwa HP ya rafiki yangu F12 haikubali." Nikamjibu ajaribu F9.