Garasa Limekuwa Bwana

Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia barazani, na karata nilizijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Ree ni ree. Mzungu wa nne, yaani mfalme, ukimshika, hata namna ya kukaa mkekani inabadilika. Garasa ni garasa, karata isiyo na thamani. Ukigawiwa matatu kwa mpigo unatazama juu kama fundi anayehesabu kenchi. Sasa nimevuka bahari yote ile kuja California kubeba maboksi, nakuta wazee wenye mvi wanagombania magarasa!

Chanzo ni bomba. Bomba la jikoni kwangu linavuja tangu mfungo. Mwenye nyumba ni mzee wa hapa Gardena, na kila nikimgusia bomba ananijibu kwa historia: kwamba mji huu una vilabu vya karata tangu 1936, kwamba sheria ya California ilipiga marufuku baadhi ya poka ikaiacha ile ya kubadilisha karata, kwamba yeye ujana wake wote ameumalizia mezani. Halafu anasema, "Njoo Jumamosi tucheze, tutaliongea." Naenda. Bomba haliongelewi.

Wanacheza poka ya chini. Mwenye mkono mbovu kuliko wote, yaani karata zake tano ndizo mbovu zaidi, ndiye anayezoa hela. Jumamosi ya kwanza nikafundishwa ya California: ree ni ndogo, yaani moja, na mkono bora ni ree, mbili, tatu, nne, tano. Zikifuatana, hewala. Zikiwa za ua moja, kopa tupu au shupaza tupu, hakuna shida. Nilipoteza dola sita lakini nikaelewa. Wiki nzima nikawa nahesabu kichwani nikipanga maboksi.

Jumamosi ya pili nafika, mzee anasema leo tunacheza ya Kansas City. Ree imerudi kuwa kubwa. Zikifuatana, umeharibu. Za ua moja, umeharibu. Mkono bora sasa ni mbili, tatu, nne, tano na saba, maua mchanganyiko. Nikauliza, sita kakosa nini? Nikaambiwa akiingia yeye mahali pa saba, zote zinafuatana. Mikono inayoishia saba iko minne tu, na yote ina mbili ndani. Kwa hiyo ukigawiwa karata ukaiona mbili, ile mbili tuliyokuwa tunaitupa barazani bila hata kuitazama, unaishika kama hati ya kiwanja.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Kila mtu karata tano. Wawili wanaomfuatia mgawaji wanatoa hela ya lazima kabla hawajaona kitu, jambo ambalo mimi naliita kodi. Unaweka dau, au unapandisha, au unatupa karata na kujiendea kwenye njugu. Kisha unabadilisha karata unazotaka, hata zote tano. Dau tena. Unabadilisha tena. Dau. Unabadilisha mara ya tatu. Dau la mwisho, mnafunua. Kwetu dau ni nusu dola mizunguko miwili ya mwanzo, dola nzima miwili ya mwisho. Utaona ni ndogo, mpaka ukumbuke saa moja ya maboksi inalipa ngapi.

Ujanja wote uko kwenye kutazama mwenzako amebadilisha ngapi. Akitupa tatu, mchovu. Akitupa moja, yuko karibu. Asipobadilisha hata moja, akakaa tu na kunywa kahawa, ama ana mkono safi, ama anakutisha. Mzee wangu alikaa. Tangu mara ya pili hakugusa kitu, akapandisha na dau juu.

Mimi mkononi: mbili, tatu, nne, sita, tisa. Ningetulia na tisa yangu, leo nisingekuwa nawasimulia. Lakini mtu amekaa, anapuliza kahawa! Nikajiambia tisa haitoshi, nikaitupa. Nikaletewa karata moja, nikaifungua polepole kwa kidole gumba. Tano.

Jamani, tano! Mbili, tatu, nne, tano, sita. Magarasa matupu, mazuri kama meno ya mtoto. Mzee akaweka dola yake, nami nikaitoa ya mwisho, niliyoiwekea nauli ya basi.

Akafunua: wazungu wa nne wawili, malkia, tisa, nne. Alikuwa ananitisha tu! Nikazitandaza zangu mezani, nikawa nakusanya hela kwa mikono miwili. Mzee akanishika kiwiko. "Zinafuatana," akasema. Kwa Kansas City, zinazofuatana zinapigwa na pea yoyote, hata ya wafalme. Ile tisa niliyoitupa ingemmaliza.

Nikarudi kwa miguu. Nafika, bomba linadondoka, tiki, tiki. Nikampigia simu rafiki yangu wa barazani, kule ilikuwa asubuhi, anakunywa chai.

"Nimefungwa karata," nikamwambia. "Hela yote."

"Mwenzio alikuwa na nini?"

"Wazungu wa nne wawili."

"Na wewe?"

"Mbili, tatu, nne, tano, sita."

Kimya. Nikasikia anameza chai.

"Sasa na wewe," akasema, "na magarasa yote hayo, ulitegemea nini?"